Antibiotiki au probiotiki kwa vitoto vya nguruwe?

Wiki ya kwanza baada ya kuachishwa ziwa ndiyo ngumu. Tumbo halijazoea pumba na mahindi, bakteria wa E. koli wanazaliana, kitoto kinasinyaa huku mkia umelowa kinyesi cha majimaji. Hapo antibiotiki haina mpinzani: aliyekwisha kuugua atibiwe, tena kwa dozi kamili ya daktari wa mifugo.

Kasoro ni kuichanganya kidogo kidogo kwenye chakula ili wanenepe. Bakteria wagumu hubaki hai na kurithishana usugu. Mwaka 2015 huko China iliripotiwa jeni (chembe ya urithi) ya mcr-1, inayoishinda kolistini, antibiotiki ya akiba hospitalini nyingine zikishindwa. 2017 China ikaiondoa kolistini kwenye chakula cha mifugo. Umoja wa Ulaya ulishapiga marufuku antibiotiki za kunenepesha tangu 2006.

Probiotiki, yaani bakteria wema wanaolishwa wakiwa hai, haiui wabaya papo hapo. Bakteria hao wema huwahi nafasi utumboni, kwa hiyo ianze mapema, kabla ya kuharisha. Laktobasila, aina moja ya bakteria hao, hufa kwa joto la mashine ya kutengeneza chakula. Basila, aina nyingine, hustahimili, maana hujifungia kwenye spora, yaani ganda gumu. Banda likiwa bichi na chafu, hata hao (na si wa bei rahisi) ni pesa ya kumwaga.