Mbio au shule: kazi ipi ikufae Moshi?

Mwandaaji wa Kilimanjaro Marathon anaishi kwa tarehe moja. Alfajiri uwanja wa Ushirika uwe tayari, vituo vya maji vipangwe, barabara zifungwe. Kilomita 42.2 zikiisha, anarudi kusaka wadhamini.

Ofisi ya sekondari binafsi haina siku ya makofi. Januari ni udahili na ada, Mei mitihani ya kidato cha sita, Novemba ya kidato cha nne. Katikati yake, mzazi anasimama mlangoni na risiti ya benki, anaomba kumalizia ada akishauza kahawa. Hapa ndipo watu wa michezo hukwama: mkimbiaji unamwona asubuhi moja, mzazi huyu utakuwa naye miaka minne.

Bajeti, usafiri na kuongoza umati unahama navyo, na UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, ikifika watakutafuta wewe. Ukuu wa shule unadai ualimu kwanza. Anzia udahili au mabweni kwenye shule binafsi. Mwenye familia namshauri shule, bila kusita. Barua ya maombi ipelekwe kabla ya Desemba, maana Januari hakuna mwenye nafasi ya kumfundisha mgeni.