Chumvi ya pakiti yenye madini joto: miezi sita jikoni kwetu Njombe

Kwa miezi sita sasa tumeacha chumvi ya mawe ya kupimiwa kwa kopo sokoni, tukanunua chumvi laini ya pakiti ya nusu kilo iliyoandikwa kuwa imeongezwa madini joto. Ladha ni ileile, ila chembe zake ni ndogo na hushonana kijikoni, kwa hiyo wiki ya kwanza mboga zilizidi chumvi mpaka mkono ulipozoea.

Sababu ya kuibadili haikuwa ladha. Bibi yangu mzaa mama aliishi na rovu shingoni hadi alipofariki, na nilipokuwa mdogo kina mama wengi wa kijiji chake walikuwa nalo, wala hakuna aliyelishangaa. Rovu la namna ile ni tezi ya thairoidi iliyovimba kwa kulazimika kufanya kazi kupita kiasi, kwa kuwa haiwezi kutengeneza homoni zake, ikiwemo thairoksini, pasipo madini joto yanayotoka katika chakula. Homoni hizo ndizo zinazoamua mwili utumie chakula kwa kasi gani. Zikipungua, mtu huchoka bila kazi ya maana, huhisi baridi kuliko wenzake, hupata choo kigumu na huweza kunenepa, na mjamzito aliyepungukiwa huhatarisha ukuaji wa ubongo wa mtoto aliye tumboni. Huku milimani mvua za miaka mingi zimeyaosha madini hayo kutoka kwenye udongo, hivyo mahindi, viazi na maharage yetu huwa nayo kidogo. Nilidhani chumvi ya mawe kutoka pwani ingetosha, kwani inatoka baharini, lakini maji ya bahari yakikaushwa juani, madini joto yanayobaki katika chumvi ni haba mno.

Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 kwa siku, na mjamzito 250. Chumvi yenye miligramu 30 za madini joto kwa kila kilo humpa mikrogramu 150 anayekula gramu 5, yaani kijiko cha chai kilichosawazishwa, ambacho ndicho kikomo cha siku kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Hakuna haja, basi, ya kuongeza chumvi kwa ajili ya madini, na mwenye shinikizo la damu asiitumie kama kisingizio.

Kasoro kubwa ni kifungashio. Pakiti mbili kati ya nilizonunua zilikuwa zimepasuka kwenye mshono, na maandishi ya kiasi cha madini yalikuwa yamefifia hayasomeki, jambo linaloudhi sana kwa mnunuzi anayelipia hayo hasa. Unyevu, jua na joto huyapunguza madini joto, lakini maduka mengine huipanga nje juani kutwa nzima. Sisi huimimina kwenye kopo lenye mfuniko, mbali na jiko, na kuitia chakula kikikaribia kuiva.

Sidai kwamba imetuondolea uchovu. Upungufu wa damu nao huchosha, na anayechoka mfululizo apimwe hospitali. Naipa alama nne kati ya tano, na iliyopungua ni ya ile mishono na maandishi.