Mipira ya kalipa za mbele kwa Land Cruiser na Hilux za zamani: spea nzuri, lakini pima hozi kwanza

Kwa gurudumu la mbele linaloshika breki lenyewe, hakuna spea yenye faida kama seti ya mipira ya kalipa (ringi za mpira zinazoziba pistoni ndani ya kalipa, kifaa kinachobana pedi za breki kwenye diski), iwe ni kwa Land Cruiser HZJ75 au Hilux yenye eksli nzima mbele, yaani mhimili mmoja kwa magurudumu yote mawili. Ubaya ni kwamba hapa Kigoma seti hii hununuliwa mno kwa gari ambalo ugonjwa wake uko kwingine, hasa kwenye hozi, bomba la mpira linalopeleka oili ya breki kwenye kalipa.

Kalipa hizi zina pistoni nne, mbili kila upande wa diski, na hazitelezi kwenye pini. Kinachorudisha pistoni ukiachia pedeli ni mpira wenye kingo za mraba: hujipinda unapokanyaga, kisha hujinyoosha na kuivuta kidogo. Kutu ikijaa kwenye mfereji nyuma ya mpira, mpira huibana pistoni badala ya kuirudisha. Kava za vumbi zikichanika, matope ya barabara za vijijini Kasulu na Kibondo yanaingia. Gari za kubebea chumvi ya Uvinza huwahi zaidi kuoza.

Sasa kupima. Endesha mpaka gurudumu lishike, weka kabari nyuma, piga jeki na usimamishe gari kwenye stendi. Legeza loki za habu (zinazounganisha gurudumu na eksli ya mbele), uzungushe gurudumu kwa mkono. Likiwa gumu, fungua nati ya kutolea upepo kwenye kalipa. Likilegea papo hapo, kuna presha iliyonaswa. Funga nati, kanyaga breki lishike tena, kisha legeza bomba la chuma pale linapoingia juu ya hozi. Likibaki gumu, hozi imevimba ndani: oili inasukumwa kwenda lakini hairudi. Badilisha hozi zote mbili za mbele. Likilegea, tazama masta silinda (pampu ya oili ya breki) na nafasi ya fimbo ya busta, kifaa kinachoongeza nguvu ya pedeli; ugonjwa ukiwa huko, kwa kawaida magurudumu yote mawili hushika.

Likibaki gumu hata nati ikiwa wazi, ama pistoni zimekwama ama beringi. Toa kalipa, zungusha habu peke yake. Beringi iliyokazwa kupita kiasi huchemsha habu kama breki inavyofanya, na nati zake zinataka soketi ya 54 mm. Fundi anayezipiga kwa tindo na nyundo hawezi kujua amekaza kiasi gani, mkataze.

Kama ni pistoni, hapo nunua. Seti ya kalipa mbili iwe na mipira 8, kava 8 na ringi 8 za kushikia kava. Hesabu ukiwa bado dukani. Nenda na mipira ya zamani ulinganishe, kwa sababu kalipa nyingine zina pistoni za vipimo viwili. Mpira ambao unene wake ni wa duara badala ya kuwa na kingo za mraba usiuchukue hata ukiuziwa kwa bei ya kutupa. Pistoni zenyewe hazimo kwenye seti, na hili ndilo pungufu lake kubwa: pistoni yenye vishimo vya kutu itaharibu mpira mpya.

Kufunga kunataka usafi. Usitenganishe nusu mbili za kalipa. Sukuma pistoni kwa upepo mdogo, kipande cha ubao kikiwa katikati, vidole mbali. Kwangua mfereji kwa kijiti, si bisibisi. Osha kwa spiriti. Petroli, dizeli na oili ya injini huvimbisha mpira. Paka oili mpya ya breki, DOT 3, pachika, kisha toa upepo.

Wengi hukimbilia kalipa nzima ya mtumba wakidhani wameokoa muda. Ndani yake kuna mipira ya umri uleule, na kutu usiyoiona. Ukiinunua, ifungue na uiwekee seti hii kabla haijapanda kwenye gari.