Vifaa vya pancha vya Mazda Roadster: msumari vinauweza, shimo la barabarani hapana

Mazda Roadster ya kizazi cha nne, inayojulikana nje ya Japani kama MX-5 na iliyoingia sokoni mwaka 2015, haina spea. Ndani ya buti lake la lita 130 kuna chupa ya dawa ya kuzibia, paipu fupi, kifungulio cha valvu, kompresa ndogo ya volti 12 na stika mbili. Hiyo ndiyo akiba yako yote. Ni seti nzuri kwa kazi moja tu: tundu lisilozidi milimita 4, lililo kwenye uso wa tairi unaokanyaga lami. Anayeijua mipaka hiyo atafika kwa fundi salama. Asiyeijua atamaliza chupa bure na bado ataita gari la kuvuta.

Kabla ya kitu kingine chochote, soma tarehe kwenye chupa. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, kwa hiyo Roadster nyingi zinazotoka Japani huletwa zikiwa na umri wa miaka sita au saba. Dawa hii, ambayo msingi wake ni utomvu wa mpira, haidumu hivyo. Chupa iliyowekwa kiwandani mara nyingi huwa imeshapitwa na muda wake kabla meli haijatia nanga Mombasa, na joto la buti huiharibu zaidi. Ikizeeka hujitenga na kufanya mabonge kama maziwa yaliyoganda, halafu paipu huziba ukiwa katikati ya kumimina. Kununua chupa mpya liwe jambo la kwanza baada ya kusajili gari.

Sifa kubwa tunaipa kompresa, si dawa. Msumari ukiwa bado umo ndani, usiung'oe. Washa injini ili betri isiishe, chomeka kompresa, jaza hadi psi 29 (200 kPa; vyote ni vipimo vya mgandamizo wa upepo), ambacho ndicho kiwango cha Roadster mbele na nyuma, kisha sikiliza na upake maji ya sabuni. Pancha nyingi za msumari huvuja polepole kiasi kwamba unaweza kwenda kilomita kadhaa, ukasimama, ukaongeza, ukaendelea hadi kibanda cha pancha bila kuifungua chupa kabisa. Usiiendeshe kompresa zaidi ya dakika 10 mfululizo, maana mota yake ni ndogo na hupata moto haraka.

Upepo usipokaa hata kidogo, ndipo dawa inapoingia kazini. Tikisa chupa vizuri. Fungua kifuniko cha nje lakini kizibo cha ndani kiache mahali pake, kwani paipu ndiyo inayokitoboa unapoifunga. Ukikitoa mwenyewe dawa itakumwagikia mikononi. Toa upepo wote uliobaki kwenye tairi, kisha tumia kifungulio kukitoa kile kiini kidogo cha valvu. Hapa ndipo watu wengi huharibu kazi: kiini huwekwa chini, kinashika mchanga, na kikirudishwa hakizibi tena. Kiweke juu ya kitambaa safi. Chomeka paipu kwenye valvu, pindua chupa, uikamue kwa mikono hadi iishe yote. Nusu chupa haitoshi. Rudisha kiini, kaza, unganisha kompresa na ujaze.

Sasa geji ndiyo inayotoa hukumu. Isipofika 180 kPa (psi 26) ndani ya dakika 10, tairi limeumia kuliko uwezo wa dawa na hupaswi kuondoka. Ikifika, jaza hadi kipimo kamili na uondoke mara moja, kwa sababu dawa inahitaji mzunguko wa gurudumu ili isambae na kusukumwa kwenye tundu. Mwendo usizidi kilomita 80 kwa saa. Stika ya mwendo ibandike pale dereva anapoiona, lakini kamwe si katikati ya usukani, kwani mfuko wa hewa uko hapo. Baada ya dakika 10 au kilomita 5, simama upime tena. Chini ya 130 kPa, safari imeishia hapo. Ikiwa juu ya 130 lakini chini ya 200, ongeza upepo na urudie zoezi. Ikiwa imeshikilia kipimo chake, nenda kwa fundi, na iwe wa karibu. Dawa hii si ya kukufikisha Mombasa kutoka Nairobi.

Udhaifu mkubwa wa seti hii uko kwenye ubavu wa tairi. Roadster ya injini ya lita 1.5 huvaa 195/50R16, yenye ubavu wa takriban milimita 97. RF, yaani Roadster yenye paa gumu la kukunjwa, ya lita 2.0 huvaa 205/45R17, yenye milimita 92 tu. Ukingo wa shimo hubana nyuzi za ubavu kati ya rimu na lami, na ubavu unachanika au unavimba. Hakuna dawa ya hilo, wala kiraka. Rimu ikipinda nayo, upepo huvujia pale tairi linapokutana na rimu, na dawa haitakusaidia. Kwa barabara zetu hili si tukio la nadra, na ndiyo sababu tunapendelea rimu za inchi 16.

Ubavu mfupi una shida nyingine. Ukiliendesha tairi likiwa limelala, hata mita mia chache, ukuta wake wa ndani unajisaga wenyewe. Fundi akilivua atakuta unga mweusi wa mpira ndani. Tairi hilo limekufa, hata kama tundu lenyewe ni la msumari mdogo. Usukani ukianza kuvuta upande mmoja, toka barabarani.

Kwa fundi, mwambie mapema kwamba umetia dawa. Stika ya pili ni ya kubandika kwenye rimu kwa ajili hiyo. Dawa lazima ifutwe kwa maji na kitambaa kabla haijakauka, la sivyo gundi ya kiraka haishiki. Omba kiraka cha uyoga, kinachowekwa kutoka ndani na mkia wake kujaza tundu. Kiini cha valvu kibadilishwe. Kama rimu ina kihisi cha upepo ndani, kisafishwe pia. Mabaki ya dawa yakiachwa hukusanyika upande mmoja na kuleta mtetemo mwendo ukipanda.

Tungeongeza kwenye buti seti ya kamba za pancha: kekee ya mkono, sindano, kamba, gundi, koleo na kisu. Toa msumari ukiangalia mwelekeo wake, pitisha kekee kwa pembe ileile, ingiza kamba iliyopakwa gundi, uache ncha mbili za kama sentimita moja, kisha jaza upepo. Kekee ikilazimishwa kwa pembe tofauti hukata nyaya za chuma za ndani. Gurudumu la mbele unaligeuza kwa usukani uone tundu. La nyuma mara nyingi linataka jeki. Gari hili liko chini, na jeki ya kibandani ikiwekwa pasipostahili hubonyeza ukingo wa sakafu. Mwonyeshe fundi sehemu iliyoimarishwa, na aweke kipande cha mbao katikati.

Gurudumu lina nati nne za M12x1.5 (uzi wa kipenyo cha milimita 12), zinazokazwa kwa nguvu ya mzunguko ya 108 hadi 147 Nm. Bunduki ya upepo ya kibandani inaweza kuvuka hapo kwa mbali, hivyo omba akaze kwa spana ya mkono, kwa mpangilio wa msalaba, yaani nati moja kisha ile inayotazamana nayo. Kama kuna nati za kufuli, ufunguo wake ukae pamoja na kompresa, si nyumbani.