Modeli ya Dorade: Wembamba Uliotunzwa, Visanduku Vilivyokosewa

Kabla ya kubandika ubao wowote wa modeli hii ya yoti Dorade, inayokuja kama seti ya vipande vya kuunganisha, nilichukua rula. Yoti halisi ya Dorade ina urefu wa futi 52, yaani karibu mita 15.85, na upana wa futi 10 na inchi 3 tu. Kwa uwiano wa 1:24, modeli yake inapaswa kuwa na urefu wa sentimita 66 na upana wa sentimita 13. Mataruma, yaani mbavu za chombo, yaliyokuja yamekwisha kukatwa yalitimiza kipimo hicho bila kuzidi, nami nikafurahi mno, kwa kuwa nimewahi kuona modeli za yoti za zamani zilizonenepeshwa kiunoni ili zionekane imara zaidi kabatini.

Kuinenepesha Dorade ni kuifanya chombo kingine. Mbunifu wa yoti Olin Stephens aliichora mwaka 1929 akiwa na umri wa miaka 21, baada ya ugonjwa kumkatiza masomo yake katika chuo kikuu cha MIT, Marekani, katika mwaka wa kwanza, na muda mfupi baada ya kuungana na wakala wa yoti Drake Sparkman. Baba yake ndiye aliyegharimia ujenzi, uliofanyika City Island, New York, na chombo kikashushwa majini mwaka 1930. Mwaka uliofuata Olin alikuwa nahodha wake katika mashindano ya kuvuka Atlantiki kutoka Newport, Marekani, hadi Plymouth, Uingereza, na miongoni mwa mabaharia wake walikuwamo baba yake na mdogo wake, Rod. Walifika kwa siku 17 hivi, siku mbili kabla ya chombo kilichowafuata, ingawa walishindana na vyombo vikubwa kuliko chao. Kisha wakashinda mashindano ya Fastnet, mbio za yoti za baharini za Uingereza, mwaka huohuo. Hata hivyo, Olin mwenyewe alikuja kuona kwamba alikuwa amekibana chombo kupita kiasi, kwa maana huyumba sana upepo unapotoka tezi, yaani nyuma ya chombo, na yoti yake ya baadaye, Stormy Weather ya mwaka 1934, akaipa upana zaidi. Wembamba huo, pamoja na kasoro yake, ndio unaoonyesha jinsi kijana yule alivyofikiri, na aliyeandaa vipande vya modeli hii ameuheshimu.

Ubavu hufunikwa kwa tabaka mbili za mbao, ya ndani laini na ya nje ya mahogani. Sehemu ngumu ni tezi, ambako mbao hujipinda kuelekea juu huku zikijikunja kwa ndani. Mahogani iliyomo katika seti ni kavu, nami nilivunja vipande vinne kabla ya kuamua kuvilowesha usiku kucha. Maelezo yaliyochapishwa hayasemi lolote juu ya kulowesha. Milingoti miwili, ule mkuu na ule mdogo wa galme ulio nyuma kabisa ya chombo, ni miti iliyonyooka vizuri, na makapi (roda) ya kamba ni madogo yanavyostahili kuwa.

Kosa lisilosameheka kirahisi limo juu ya sitaha. Dorade iliupa ulimwengu wa mabaharia kisanduku cha kupitishia hewa ambacho hadi leo huitwa kwa jina lake. Bomba la kunasa upepo hukaa upande mmoja wa kisanduku, na tundu la kupeleka hewa chini hukaa upande mwingine, likiwa limeinuliwa, hivyo maji ya wimbi huanguka ndani ya kisanduku na kutoka kupitia vitundu vya pembeni, huku hewa ikiendelea na safari yake. Seti hii inaleta kijiti cha mbao kisicho na uwazi, na bomba limechomekwa katikati yake. Katika modeli ya chombo kingine ningelipita jambo hili bila kulitaja. Katika modeli ya Dorade haiwezekani.

Kitambaa cha matanga nacho ni kizito, hakikunjiki kama tanga, kwa hiyo mimi nimeiacha milingoti yangu mitupu. Visanduku nilivitengeneza upya kwa jioni mbili, nikitumia mabaki ya mahogani ya ubavuni. Atakayeinunua seti hii asiyatupe mabaki hayo, kwani hakuna mbao nyingine ndani yake itakayofaa kwa kazi hiyo.