Epson LX-300+II na programu za DOS: uzoefu wangu

Duka au stoo ya hapa Mombasa ambayo bado inatoa ankara kwa programu ya DOS (mfumo wa kompyuta wa kabla ya Windows), mimi naishauri ichukue printa ya Epson LX-300+II, hata iliyotumika, kabla ya printa mpya ya leza. Programu hizo hazijui draiva, yaani programu ndogo ya kuendesha printa. Zinatuma herufi moja kwa moja LPT1 (jina la poti ya paraleli), na printa hii, inayochapa kwa pini 9 zinazogonga utepe, inazipokea zilivyo kwa kuwa inaelewa ESC/P, lugha ya amri za printa za Epson. Leza nyingi za bei nafuu husubiri Windows iwachoree ukurasa mzima, kwa hiyo DOS itatuma na hakitatoka kitu.

Tumia poti ya paraleli: kebo ya pini 25 upande wa kompyuta, 36 upande wa printa, isizidi mita 2. Ukitumia USB kwenye Windows XP, printa hukaa kwenye poti iitwayo USB001 na programu haiioni. Hapo shiriki printa (sharing) kwa jina fupi kama LX300, kisha andika kwenye dirisha la amri NET USE LPT1: \\JINA\LX300 /PERSISTENT:YES, JINA likiwa jina la kompyuta.

Ikigoma, izime, shikilia kitufe cha LF/FF, iwashe. Jaribio lake likitoka safi, printa ni nzima. Kisha andika DIR > LPT1. Ikichapa, kebo na poti ziko sawa. Kosa litafute kwenye programu au mipangilio.

Mistari ya jedwali ikitoka kama herufi za mlazo, badilisha jedwali la herufi (character table) kwenye mipangilio ya printa kutoka Italic hadi PC437, lenye alama za mistari. Hili ndilo linalowachanganya wengi, wanadhani printa imeharibika! Mistari ikiachana mara mbili, zima Auto Line Feed, yaani printa kujiongezea mstari yenyewe. Ikichapana yote mahali pamoja, washa Auto Line Feed. Ankara zikizidi kuteremka kila ukurasa, urefu wa karatasi umewekwa inchi 12 badala ya 11.

Ukibaki na shaka kuhusu kinachotumwa na programu, washa printa huku umeshikilia LF/FF na Load/Eject pamoja. Kila inachopokea itakichapa kama misimbo ya heksadesimali tu: 1B ni ESC, 0D 0A ni mwisho wa mstari.

Maandishi yakififia yote, badilisha utepe. Mstari mweupe ukikata kila herufi palepale, pini imekufa.

Unyevu wa pwani huvimbisha karatasi za nakala na kuzikwamisha kwenye meno ya pembeni, basi katoni ifungwe kila jioni. Kasoro kubwa ya printa hii ni kelele. Usiiweke karibu na mteja.