Helikopta ya rimoti ya bei nafuu: ipi ununue, ipi uiache dukani

Helikopta yangu ya kwanza ilidumu dakika nne. Niliichukua Kariakoo kwa sababu ilikuwa kubwa na ina taa. Muuzaji aliiwasha juu ya kaunta, mapanga yakavuma, nikatoa hela. Nyumbani ikapaa hadi usawa wa kichwa, ikaanza kujizungusha kama pia, kisha ikajipeleka yenyewe kwenye panga boi. Tangu siku hiyo nimenunua nyingine tano, zaidi kwa ajili ya watoto wa dada yangu, na ukubwa siuangalii tena. Nauliza mawili tu: ina chaneli ngapi, na ina jairo?

Chaneli ni idadi ya mambo unayoweza kuiamuru. Ya chaneli mbili inapanda, inashuka na kugeuka, basi. Kwenda mbele inajiendea tu, utake usitake. Ya chaneli tatu unaipeleka mbele na nyuma kwa amri yako. Ya chaneli nne inakwenda hata ubavu. Jairo ni kifaa kidogo ndani yake kinachohisi mwili unapoanza kuzunguka na kuuzuia kabla hujashtuka. Ile yangu ya taa haikuwa nacho.

Namba moja kwangu, na sijaona ya kuiondoa hapo, ni Syma S107G. Ina urefu wa sentimita 22 hivi, fremu yake ni ya chuma, na ina chaneli tatu. Herufi G ndiyo jairo. Siri yake iko juu: ina seti mbili za mapanga kwenye mhimili mmoja, moja inazunguka kulia, nyingine kushoto. Mapanga yakizunguka upande mmoja, kiwiliwili cha helikopta hutaka kuzunguka upande wa pili. Zikiwa seti mbili zinazopingana, nguvu zinafutana na chombo kinatulia. Ile propela ndogo ya mkiani imelala bapa, kazi yake ni kuinua au kushusha mkia ili pua ielekee mbele au nyuma. Betri ni ya volti 3.7. Ukiichaji kama dakika 40 au 50 unaruka dakika saba, nane.

Ina kasoro zake. Rimoti yake inatumia miale ya infraredi, sawa na rimoti ya televisheni, kwa hiyo jua likipiga dirishani inakuwa kiziwi. Funga pazia. Na kwa kuwa ina jina, feki zake zimejaa sokoni. Nyingine zinaruka vizuri tu, ila siku gia ikikatika, spea za S107G huenda zisiingie.

Ya pili ni ndugu yake, S107H. Hii inatumia redio ya gigahezi 2.4, jua haliisumbui, na inajishikilia yenyewe kwenye kimo ulichoiacha. Kwa mtoto mdogo ningeanza na hii. Kwa mtu mzima naiweka nyuma, kwa sababu utamu wenyewe wa helikopta ni kidole gumba kujifunza kuishikilia hewani, na hapa kazi hiyo umeshafanyiwa.

Ya tatu ni WLtoys V911. Seti moja ya mapanga, chaneli nne, redio. Ni nyepesi kama kitu cha karatasi, inageuka kwa wepesi wa mbayuwayu, na jioni isiyo na upepo unaweza kuirusha uani. Betri yake inachomolewa, ukiwa na tatu za akiba unacheza muda mrefu. Ya S107G imefungiwa ndani. Lakini usiianze hii. Niliianza mapema, ikanirudisha kwa fundi wa simu mara mbili kuchomelewa waya.

Kuna zile kubwa za nje, ndefu kama mkono. Dukani zinavutia kuliko zote. Upepo wa pwani ukianza saa nne asubuhi zinabebwa hadi kwa jirani, na zikianguka huanguka kwa uzito wao. Za mwisho kabisa ni zile zisizo na rimoti, unazikingia kiganja chini zinapanda. Mtoto atacheka nusu saa, kisha itakaa juu ya kabati. Na kama chombo kina kamera, hapo umeshaingia kwenye mambo ya droni. Kabla ya kuagiza, uliza masharti TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga Tanzania, au KCAA, ya Kenya, kwa walioko huko.

Siku ya kwanza, chagua sebule, sogeza meza, zima feni. Iweke katikati ya sakafu, mkia ukiwa upande wako. Pua ikikutazama, kulia kwake kunakuwa kushoto kwako, na hapo ndipo wengi wanapovunja. Washa, kisha ipandishe kwa ujasiri hadi kama mita moja. Wanaoanza huogopa, huishikilia karibu na sakafu, na huko ndiko inakoyumba zaidi, maana upepo wake mwenyewe unagonga sakafu na kuirudia. Ikijizungusha polepole bila kuamriwa, zungusha kinobu cha trimu, kile cha kuisawazisha kwenye rimoti, upande wa pili, kidogo kidogo, mpaka itulie. Ukiona inaelekea ukutani usijitie rubani: shusha kijiti cha kushoto mpaka mwisho kabla haijagonga. Kuanguka na mapanga yaliyosimama huiacha salama. Kugonga yakiwa yanazunguka hupinda mhimili na kula meno ya gia.

Ikimaliza kuruka, iache ipoe kama dakika 15 ndipo uchaji, na usiiache kwenye chaji ukaenda kulala. Betri iliyovimba haina dawa, itupe.

Dukani omba boksi lifunguliwe. Zungusha mapanga kwa kidole: yazunguke laini, mhimili usiwe na mchezo. Tazama kama kuna propela ya mkia ya akiba, kwani ndiyo hufa kwanza. Halafu nunua huko huko betri sita ndogo, kama za saa ya ukutani, kwa ajili ya rimoti ya S107G. Kwenye boksi hazimo, na mtoto hatakuelewa ukifika nyumbani bila hizo.